Wako Ameitwa Nani?

Tangu nistaafu, simu yangu hailali mbali nami. Wanangu wananicheka. Wanasema mtu aliyepokea simu za watu maisha yake yote angefurahi kuizima na kuisahau chini ya mto. Hawajui kwamba anayepokea simu kwa kazi haachi kuisubiri kwa sababu tu amekatiwa keki na kupewa blanketi. Ikilia nikiwa napalilia mboga, kwanza moyo unaruka, kisha ndipo mkono unaitafuta mfukoni. Mara nyingi ni kampuni ya simu inanitakia siku njema.

Niliifanya kazi ya ofisi katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Tetu, juu ya mji wa Nyeri. Waliniita karani, baadaye sekretari, na mwisho msimamizi wa ofisi. Jina la kazi lilibadilika, kiti kikabaki kilekile, na mguu wake mmoja ukabaki mfupi kuliko mingine. Siku ya kumkabidhi funguo yule aliyechukua nafasi yangu, msichana mpole wa Chuka anayeitwa Sharon Kendi, aliniuliza, "Madam, mtu anaanza aje hii kazi vizuri?" Nilikuwa na haraka, wageni walikuwa wananisubiri kwenye chai, nikamwambia aangalie sana ufunguo wa kabati la chini kwa sababu hukwama. Hilo halikuwa jibu. Nimelifikiria tangu siku hiyo, na haya ninayoandika na kumtumia kidogo kidogo ndiyo jibu.

Mimi nilianzia chuo cha uhazili mjini Nyeri, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu. Tulipiga tapureta tukiwa tumefunikwa vidole kwa kitambaa ili tusitazame herufi, na harufu ya ngozi ikipanda kutoka chini. Nikapata cheti. Nikakitia kwenye karatasi ya nailoni, nikazunguka nacho ofisi baada ya ofisi, Karatina hadi Nanyuki, nikiambiwa niache namba ya sanduku la posta. Leo vijana wanatuma maombi kwa simu na kulalamika kwamba hawajibiwi. Sisi pia hatukujibiwa, ila sisi tulikwenda kutojibiwa kwa miguu.

Shule hii ilinichukua kwa sababu karani mkuu alihitaji mtu wa kukaa karibu na simu. Jina lake Bwana Oduor, mtu wa magharibi mwa nchi, mrefu, aliyevaa sweta ileile ya kijani kwa sababu, alisema, baridi ya mlima huu haikumwambia kwamba ina misimu. Nilifika asubuhi nikiwa nimenyoosha sketi hadi mikunjo ikaweza kukata mkate. Nilidhani atanipa barua nichape aone kasi yangu. Hakunionyesha hata tapureta ilipo.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana Oduor," nikajibu, maana chuoni tulifundishwa kujiamini.

"Basi rudi nyumbani upumzike. Hii kazi ni ya mtu mwenye kuogopa. Mtu hana woga atapiga simu kwa mama wa mtu mwingine."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akaniweka mbele ya simu nyeusi, na siku zile za kwanza kazi yangu yote ikawa kusikiliza akiongea na wazazi. Aliniambia nisishike kifaa hicho mpaka nijue maneno ya kwanza.

Maneno yenyewe ni haya, Sharon, na usiyabadilishe. Ukimpigia mzazi, sema kwanza mtoto yuko na nani. Pili, yuko wapi. Ndipo useme kilichotokea. "Mtoto ako na nesi, ako hapa shuleni, ameanguka akaumia mkono." Ukianza na kuanguka, mama hatasikia mengine. Bwana Oduor alisema kati ya "halo" na habari yenyewe mama amekwisha kuzika mtoto mara kadhaa, kwa hiyo usimwache hapo katikati. Nimewasikia walimu wenye shahada wakianza na "Mzazi, usishtuke." Nani aliwahi kuambiwa asishtuke akatulia?

Jambo la pili alilonifundisha lilinishangaza zaidi, kwa sababu lilikuwa jambo letu na yeye hakuwa wa kwetu. Huku mlimani mtoto haitwi jina la kupendeza tu, huitwa mtu, yaani hupewa jina la ndugu wa ukoo. Msichana wa kwanza huitwa mama ya baba yake, wa pili huitwa mama ya mama yake, kisha shangazi na mama wadogo, na hivyohivyo kwa wavulana. Majina yanazunguka ukoo mpaka yanarudi yalikotoka. Ongeza jina la kanisani, ambalo kila mwaka huwa ni lilelile lililopendwa na wahubiri, na unapata shule iliyojaa kina Grace Wangui na Faith Nyambura wasiojuana hata kidogo.

"Nyinyi watu wa huku," Bwana Oduor alipenda kuniambia, "muko na majina kidogo, mnaazimana kama sufuria ya harusi."

Alipofika shuleni yeye mwenyewe, kabla yangu, majina hayo yalimtesa. Kwa hiyo siku ya kupokea wanafunzi wapya, baada ya kuandika yote yanayotakiwa, aliweka kalamu chini na kumuuliza kila msichana, "Na wewe umeitwa nani?" Msichana aliyekuwa analia kwa kuachwa bwenini alinyamaza. Alieleza habari za cucu, yaani bibi yake, kama anaishi, kama ana meno, kama anafuga mbuzi. Hakuna mtoto wa huku asiyejua ameitwa nani. Bwana Oduor akaongeza kwa penseli pembeni mwa faili, "mama ya baba, Endarasha," na kwenda kwa mwingine.

Mimi mzaliwa wa hapa niliona ni kupoteza wakati. Nilijua majina yetu tangu nikiwa tumboni, ningekosea wapi? Lakini mwenye nyumba ndiye hujikwaa kwenye kizingiti chake, maana hakitazami. Bwana Oduor alikiangalia kila siku. Alipostaafu na kurudi kwao, aliniachia sweta yake kwenye kiti, mashine ya kuchapia mitihani iliyotema wino kila mahali isipokuwa kwenye karatasi, na swali lile. Niliendelea kuliuliza kwa heshima yake zaidi kuliko kwa imani.

Miaka ikaenda. Tapureta ikafungiwa stoo, kompyuta zikaja. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliagiza habari zote za wanafunzi ziingizwe ndani yake, na zikaingizwa, jina, kidato, namba ya mzazi. Swali la Bwana Oduor halikuwa na mahali pake kwenye mashine. Nikaendelea kuuliza na kuandika kwa penseli kwenye faili za zamani, na vijana wa ofisini wakaniona mshamba. Sikujali sana. Mimi naogopa kwa asili. Nikifunga mlango narudi kuujaribu, na nikifika nyumbani nauliza kama niliujaribu.

Kisha ikaja siku ninayotaka kukueleza.

Ilikuwa asubuhi ya mvua nyembamba ile ya Julai ambayo haikunyeshei wala haikuachi. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliamka akishika tumbo. Kufikia wakati wa chai alikuwa hawezi kusimama wima. Niliwaona wakimtoa, nesi wa shule akimshika upande mmoja na naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kinyua, upande mwingine, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alinitazama dirishani akiwa amekunja uso. Nikamtambua. Huyu ndiye aliyeniambia siku ya kwanza kwamba ameitwa cucu wa upande wa mama, ambaye alishona nguo na kuimba kwaya. Gari likaondoka kwenda hospitali mjini.

Nikatoka kwenda langoni kupokea karatasi za mitihani, kwa sababu dereva wa duka la vifaa alikataa kuingiza gari lake kwenye matope. Nikiwa huko, Bwana Kinyua alipiga simu ofisini akitaka namba ya mzazi wa Grace Wangui. Aliyepokea ni karani wa hesabu. Aliandika jina kwenye kompyuta, likatokea, akasoma namba. Simlaumu. Mashine ilimpa Grace Wangui, naye alitafuta Grace Wangui. Ila shuleni walikuwepo wawili, mmoja wa kidato cha pili na mmoja wa cha tatu.

Niliporudi nikiwa na boksi la karatasi kifuani, simu ilikuwa inalia. Sauti ilikuwa ya mama, mbali, na upepo ukipiga ndani yake.

"Madam, ni mimi mama Grace Wangui. Hata sijapata gari ya kutoka huku. Mwalimu amenipigia ati mtoto anapelekwa kupasuliwa."

Nikaweka boksi chini. "Mama Grace, mtoto ako na nesi wetu na Bwana Kinyua, wako hospitali Nyeri. Amekueleza nini tena?"

"Ameniuliza kama iko dawa mtoto hawezi dungwa. Nimemwambia hakuna. Mtoto yangu anadungwa kila kitu."

Sijui kilichonifanya niulize. Labda ni ule upepo. Kule Ruring'u, hapo mjini, simu hailii na upepo hivyo, na nilijua, bila kujua najua, kwamba mama wa yule aliyelala kwenye gari alikuwa na kibanda cha nguo karibu na uwanja wa Ruring'u.

"Mama Grace, wako ameitwa nani?"

"Madam, mtoto ako theatre na unaniuliza mambo ya majina?"

"Niambie tu, mama. Tafadhali."

"Si ameitwa mama ya mzee wangu, huyu tunaishi na yeye hapa Endarasha. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia, polepole kadiri nilivyoweza, kwamba nafikiri aliye hospitalini si wake, na kwamba nitampigia tena baada ya kumwona wake kwa macho yangu. Alianza kulia na kunikasirikia kwa wakati mmoja. Nikakata simu nikiwa nasikia bado anaongea, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mzazi.

Nikampigia Bwana Kinyua. Haikupokewa. Nikapiga tena. Baadaye aliniambia nesi wa wodi alimwamuru aizime. Nikapiga namba ya hospitali, ikalia mpaka ikachoka. Karani wa hesabu alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia, amejishika mdomo, nikamwambia atafute faili la Grace Wangui wa kidato cha pili, lile la karatasi. Akaangusha mafaili mengine yote. Tukalipata sakafuni. Pembeni, kwa penseli, mkono wangu: "mama ya mama, fundi nguo." Na namba ya Ruring'u.

Mama huyo alipokea mara ya kwanza. Nyuma yake watu walikuwa wakishindania bei ya sweta.

"Mama Grace, mtoto ako na nesi na naibu, ako hospitali hapo Nyeri, tumbo imemsumbua wanataka kumpasua." Nikavuta pumzi. "Iko dawa hawezi kudungwa?"

"Ile ya penisilini," akasema hapohapo. "Alidungwa akiwa mdogo, koo ikafunga, karibu tumpoteze. Wasimdunge hiyo. Umewaambia? Madam, umewaambia?"

"Bado. Sijawapata. Wewe uko karibu kuliko mimi. Kimbia."

Sikusikia akikata. Nilisikia sauti ya vyuma, nguo zikianguka, na mtu akiuliza, "Mama, na hii sweta?"

Kisha hakukuwa na la kufanya. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna chuo kinakufundisha. Niliendelea kupiga namba ya hospitali, nikakaa, nikasimama, nikapanga kalamu. Mvua ilikuwa inateleza kwenye kioo. Nilimwaza yule mama akipandisha kilima mbio na ndala, na sindano ikiwa kwenye sahani mahali fulani, imejaa au haijajaa. Niliomba Mungu, na katikati ya maombi nikawa nasikiliza simu. Nilimtuma msichana wa zamu amwite Grace Wangui wa kidato cha tatu. Akaja akitafuna kitu, mzima kabisa, akaniuliza amefanya kosa gani. Nikamwambia akae tu kwenye benchi nimtazame.

Aliyepiga mwishoni ni Bwana Kinyua. "Mama Kariuki," akaniambia, hilo ndilo jina langu kwa watu wazima, "mama amefika. Wamebadilisha dawa. Mtoto anaingia sasa." Sauti yake haikuwa sauti yake. Nikamuuliza kama walikuwa wamekwisha kuijaza ile sindano ya kwanza. Akasema tutaongea akirudi. Alirudi, tukaongea mambo mengi, na hilo sikumuuliza tena, naye hakulisema. Mtoto alipona. Kwa muda wote aliobaki shuleni alinisalimu kwa aibu kidogo, akidhani nilimwona vibaya siku ile.

Yule mama wa Endarasha alikuja alasiri ingawa nilimpigia nikamwambia mtoto wake yuko benchini mbele yangu. Aliingia na matope hadi magotini. Alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima tikiti sokoni, akamgeuza, akamwachilia. Kisha akanigeukia.

"Usiwahi nipigia simu tena, madam," akasema. "Hata kama ni kuniambia ameshinda zawadi." Alipotoka akarudi mlangoni. "Na asante."

Bwana Kinyua siku hizi ni mwalimu mkuu mahali pengine, Nanyuki huko. Nimesikia kwamba kila mwanafunzi mpya anaulizwa ameitwa nani, na kwamba walimu wake hawaelewi kwa nini.

Kwa hiyo, Sharon, mtu anaanza hivi. Jifunze kompyuta vizuri kuliko nilivyojifunza mimi. Muhuri usilale mezani. Barua ya mwalimu mkuu isome kabla hajaisaini, hasa akiwa amekasirika. Mzazi akifika na thamosi ya uji, usimwambie wageni hawaruhusiwi, mwonyeshe benchi kwanza ndipo umwambie. Ila kabla ya hayo yote, ogopa kidogo, halafu uliza. Kuuliza si ujinga, ingawa wapo watakaokutazama hivyo.

Nilikuwa nimefika hapa nikidhani nimemaliza. Lakini Jumanne iliyopita nilikuwa nikimkatia ng'ombe majani, na simu ikalia.

Nieleze kwanza kwamba mjukuu wangu alijiunga na shule ileile mwaka huu. Ni binti wa kwanza wa mwanangu Kariuki, anaitwa Joy Wanjira. Wazazi wake wako Nairobi, na namba iliyoachwa ofisini ni yangu. Siku ya kumpeleka sikupanda hata ngazi za ofisi, sikutaka Sharon adhani nimekuja kumkagua.

"Cucu, ni Sharon wa ofisi," sauti ikasema. "Mtoto ako na nesi, ako hapa shule, tunangoja gari ya hospitali. Anaongea. Lakini cucu, niko na Joy Wanjira wawili."

Nikaangusha panga.

"Wako ameitwa nani?" akauliza.

Miaka yote ile niliuliza swali hilo nikiwa upande mwingine wa waya, nikidhani ni fupi. Si fupi. Ndani yake nilipata nafasi ya kumwona mtoto akiwa na kila ugonjwa ninaoujua. Nilipata nafasi pia ya kutamani awe yule mwingine, mjukuu wa cucu mwingine, mahali fulani kwenye shamba kama langu, ambaye simu yake haijalia bado. Nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote. Nikamkumbuka mama wa Endarasha na matope yake.

Sharon hakunisukuma. Alisubiri, na nilimsikia akipumua, akiwa na woga wake sawasawa, mahali pake.

"Ameitwa mimi," nikasema.

Nikasikia karatasi za faili zikifunuliwa.

"Haya, cucu. Ni wako," akasema. "Vaa viatu, uje. Iko dawa hawezi kudungwa?"